Yohana wa Patmos: Barua Iliyovuka Bahari

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nimeyaona hayo kwa macho yangu mawili. Kila jioni nikitoka shuleni hupitia steji ya matatu, na pale steji huwa kuna mhubiri mwenye kipaza sauti. Mahubiri yake hayabadiliki: ni farasi wa rangi nne, ni joka jekundu, ni mnyama mwenye vichwa saba, halafu ni ile nambari ya kutisha, 666. Nilipokuwa darasa la tano niliyasikia maneno hayo jioni moja mvua ikinyesha, na tulipofika nyumbani stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima. Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi. Nilijifunika blanketi gubigubi nikimngoja joka.

Mwaka huu nilipiga moyo konde nikamwuliza mwalimu wetu wa somo la dini kama mambo hayo ni ya kweli. Hakunijibu. Badala yake aliniuliza kama ninamjua aliyeyaandika, alikuwa wapi alipoyaandika, na alikuwa akiwaandikia akina nani. Nikaduwaa kama kinyago, maana sikujua hata moja kati ya hayo matatu. Akaniambia nisirudi kwake mpaka niwe nimeyajua. Basi nikajifunga kibwebwe, nikasoma, nikauliza huku na kule. Haya ndiyo niliyorudi nayo, na nimeona ni vyema tugawane, kwani kizuri kula na nduguyo.

Tuanze na mahali. Patmos, ambayo Biblia zetu za Kiswahili huiita Patmo, ni kisiwa kidogo cha nchi ya Ugiriki. Kimo katika bahari ya Aegean, nacho kiko karibu zaidi na pwani ya Uturuki kuliko mji mkuu wa Ugiriki, Athens. Eneo lake lote ni kama kilomita 34 za mraba tu. Ardhi yake ni ya mawe yaliyotapikwa na volkano zamani za kale, na maji ya kunywa ni ya shida. Pwani yake imemegwamegwa na ghuba nyingi, hata kuna mahali ambapo kisiwa kimekuwa chembamba kama kiuno cha nyigu, bahari huku na bahari kule. Kilele chake kirefu zaidi, kinachoitwa kwa jina la Nabii Eliya, hakifiki mita 300. Wakazi wake ni kama 3,000 hivi. Hakina uwanja wa ndege. Ukitaka kwenda, huna budi kupanda meli.

Sasa jiulize, kisiwa kama hicho kingejulikana na nani? Bahari ya Aegean imejaa visiwa kama nyota za mbinguni, na vingi vyavyo hatutavisikia mpaka tuingie kaburini. Lakini Patmos hutajwa kila siku duniani kote, kutoka makanisa makubwa ya Ulaya mpaka kwa yule mhubiri wetu wa steji. Sababu ni mtu mmoja, tena mtu ambaye, kwa dalili zote, hakwenda huko kwa hiari yake.

Mtu huyo aliitwa Yohana. Ndiye aliyeandika kitabu cha mwisho cha Biblia, Ufunuo, chenye sura 22. Katika kitabu hicho anajitambulisha kwa unyenyekevu sana. Anajiita mtumishi, tena ndugu, na mwenzao wasomaji wake katika mateso. Hajitafutii cheo chochote. Hasemi yeye ni mtume, hasemi baba yake ni nani wala alizaliwa wapi. Ni kama mtu anayewaandikia watu wa kwao ambao wakiliona jina tu, wanajua ni nani.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na haujaisha hadi leo. Katika karne ya pili, waandishi wa Kikristo kama Justin na Irenaeus waliandika kwamba Yohana huyu ndiye yule mtume, mwana wa Zebedayo. Huyo twamjua vizuri kutoka Injili. Alikuwa mvuvi katika ziwa la Galilaya pamoja na babake na nduguye Yakobo. Siku moja waliacha nyavu wakamfuata Yesu. Walikuwa vijana wa moto hao, hata wakapewa jina la utani, wana wa ngurumo. Mapokeo ya kanisa yanasema Yohana aliishi muda mrefu kuliko mitume wenzake wote, akahamia mji wa Efeso ambao magofu yake yako Uturuki, na huko akazeekea.

Lakini katikati ya karne ya tatu akatokea askofu mmoja msomi huko Alexandria, Misri, jina lake Dionysius. Askofu huyu aliketi akaisoma Injili ya Yohana, kisha akakisoma kitabu cha Ufunuo, akavilinganisha kama mwalimu anayesahihisha insha mbili zilizodaiwa kuandikwa na mwanafunzi mmoja. Akasema la, hawa ni watu wawili. Kigiriki cha Injili ni chepesi lakini ni safi. Kigiriki cha Ufunuo kimepinda, kina makosa ya sarufi.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili, hapa nilicheka peke yangu, maana jambo hili tunalijua sana. Ni ile tunayoambiwa kila siku kuwa ni athari ya lugha ya mama! Wataalamu wanasema mwandishi wa Ufunuo anaandika Kigiriki huku akili yake inawaza kwa lugha za kwao, Kiebrania na Kiaramu. Upatanisho wa kisarufi unamponyoka kama unavyotuponyoka sisi tukiandika insha usiku tukiwa na usingizi. Hata hivyo, kuna mahali ambapo inaonekana anavunja kanuni kwa makusudi. Mwanzoni kabisa mwa kitabu, anapomtaja Mungu, anakataa kulibadilisha jina lake lifuate sarufi, kana kwamba Mungu hanyambuliki kama maneno mengine. Sijui kama mwalimu wetu angempa alama hapo.

Siku hizi wataalamu wengi wanakubaliana na Dionysius kwamba aliyeandika Ufunuo si yule aliyeandika Injili ya nne. Wanadhani alikuwa Myahudi, nabii aliyejulikana katika makanisa ya eneo la Efeso, na huenda aliondoka nchi ya Palestina wakati wa vita vya Wayahudi na Warumi, vile vilivyosababisha hekalu la Yerusalemu kuchomwa mwaka wa 70. Kanisa la Orthodox kwa upande wake linashikilia kwamba ni mtume yule yule. Mimi si hakimu wa kuamua kesi ya wazee hao. Nitamwita tu kama alivyojiita mwenyewe, Yohana.

Je, alifikaje Patmos? Yeye mwenyewe anasema alikuwa kisiwani kwa ajili ya neno la Mungu na ushuhuda wa Yesu, basi. Tangu zamani maneno hayo yameeleweka kuwa alihamishwa kwa nguvu kama adhabu. Warumi walikuwa na desturi hiyo. Mtu akionekana msumbufu, na hawataki kumwua, walimtenga na watu wake kwa kumpeleka kisiwani. Bahari yenyewe ilikuwa ukuta wa jela. Irenaeus, aliyeandika karibu mwaka wa 180, anasema maono yalionekana kuelekea mwisho wa utawala wa Kaisari Domitian, aliyetawala kutoka mwaka wa 81 hadi 96. Wapo wachache wanaosema ni mapema zaidi, karibu na siku za Nero, lakini wengi hushika tarehe ya Irenaeus.

Ili tuelewe kosa lake, lazima tuelewe maisha ya miji ile. Katika eneo lililoitwa Asia, yaani magharibi mwa Uturuki ya leo, watu walimtukuza Kaisari kama mungu. Mji wa Pergamo ulijengewa hekalu la Kaisari Augustus na la Roma hata kabla Yesu hajazaliwa. Efeso nao ulizindua hekalu kubwa la ukoo wa Domitian karibu mwaka wa 90. Miji ilishindana kupata heshima hizo jinsi shule zetu zinavyoshindana kwenye tamasha za muziki. Kwenye sikukuu kila mtu alitarajiwa kujumuika katika sherehe na sadaka. Ukikataa, jirani alikutazama kwa jicho la shaka, na huenda hata biashara yako ikadorora. Wakristo walikuwa wachache na wengi wao walikuwa watu wa kawaida tu. Kule Pergamo mmoja wao, Antipa, alikuwa ameshauawa. Yohana anamtaja kwa jina.

Basi Yohana akawa Patmos. Tusidhani kilikuwa kisiwa kitupu chenye nyoka na mifupa. Kulikuwa na watu, kulikuwa na ngome, na mungu wa kike Artemis aliabudiwa pale. Mtu aliweza kuishi. Alichokosa Yohana ni watu wake. Kutoka Patmos hadi Efeso ni kama kilomita 100 hivi, mwendo ambao kwa matatu ni saa mbili, lakini kwake ulikuwa kama mbingu na ardhi. Makanisa yake yalikuwa ng'ambo, mengine yameanza kulegea, mengine yanaogopa, na yeye hana namna ya kuyafikia. Unaweza kufikiria uchungu wa mzee aliyetenganishwa na familia yake wakati ndio kwanza inamhitaji.

Siku moja, nayo ilikuwa siku ya Bwana, anasimulia kwamba alisikia nyuma yake sauti kuu kama ya baragumu. Sauti ikamwagiza aandike atakayoyaona katika kitabu, kisha akipeleke kwa makanisa saba. Akageuka. Akaona vinara saba vya dhahabu, na katikati yavyo mtu mwenye nywele nyeupe pepepe na macho kama miali ya moto. Yohana akaanguka chini kama maiti. Mtu yule akamwekea mkono wa kuume na kumtoa hofu.

Hapo nilisimama kusoma nikafikiri. Kumbe yule mwandishi aliyenitia hofu nikiwa darasa la tano, yeye mwenyewe aliogopa kwanza, na jambo la kwanza aliloambiwa ni asiogope! Mhubiri wa steji hajawahi kulitaja hilo.

Makanisa yale saba yalikuwa Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Ukiyafuata kwenye ramani utaona yamepangwa kama njia ya mpeleka barua: anashuka melini Efeso, anapanda kaskazini hadi Smirna na Pergamo, kisha anakata kona kuelekea kusini mashariki mpaka Laodikia. Kila kanisa lilipewa ujumbe wake, tena wa mambo ya kwao waliyoyajua. Laodikia, kwa mfano, ulikuwa mji wa matajiri. Ulipobomolewa na tetemeko la ardhi mwaka wa 60, wenyeji waliujenga upya kwa pesa zao wenyewe bila kuomba msaada Roma. Yohana anawaambia wanajiona matajiri, kumbe ni maskini, vipofu na uchi, na kwamba wao si moto wala baridi, ni vuguvugu tu. Lakini watu wa Smirna, waliokuwa maskini kweli kweli na wenye kudharauliwa, anawaambia wao ndio matajiri. Hakuwa na upendeleo mzee huyu. Alikuwa jela, lakini hakuwaonea haya wenye mali.

Baada ya barua hizo ndipo maono makubwa yanafuata: kitabu chenye mihuri saba, farasi wanne, matarumbeta, mwanamke na joka, mnyama kutoka baharini, na mji wa fahari uitwao Babeli unaoanguka kwa saa moja. Mbona hakusema wazi? Hapa mwalimu wangu alinisaidia. Kulikuwa na mtindo wa kuandika hivyo miongoni mwa Wayahudi tangu zamani, kama tunavyoona katika kitabu cha Danieli. Watu wakionewa na dola kubwa, walisema kwa mafumbo. Hata sisi tunafundishwa kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Yohana anasema yule mwanamke wa Babeli ameketi juu ya milima saba. Kila mtu enzi hizo alijua mji uliojengwa juu ya vilima saba ni upi. Ni Roma.

Na ile nambari? Katika Kiebrania na Kigiriki herufi zilitumiwa pia kama tarakimu, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake, kana kwamba sisi tungehesabu A kuwa 1 na B kuwa 2. Wataalamu wengi wanasema ukiandika jina la Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania, ukajumlisha, unapata 666. Nero ndiye aliyewatesa vibaya Wakristo wa Roma baada ya moto mkubwa wa mwaka wa 64. Zaidi ya hayo, kuna nakala chache za kale zilizoandikwa 616 badala ya 666. Ukiandika jina la Nero kwa namna ya Kilatini, herufi moja ya mwisho inapungua, nayo thamani yake ni 50. Fanya hesabu mwenyewe uone. Mimi niliifanya mara mbili, na woga wangu wa miaka yote ukayeyuka kama barafu juani.

Kuna mahali pengine paliponigusa zaidi. Babeli inapoanguka, wafanyabiashara wanalia kwa sababu hakuna atakayenunua bidhaa zao. Yohana anazitaja moja moja kama mtu anayesoma orodha ya shehena bandarini: dhahabu, fedha, lulu, hariri, pembe za ndovu, mdalasini, divai, mafuta, ng'ombe, kondoo, farasi. Mwisho kabisa wa orodha anawataja watu. Watumwa, wamewekwa chini ya orodha baada ya mifugo na magari. Sisi tuliosoma historia ya pwani yetu tunaijua biashara hiyo. Huenda Yohana aliyaona majahazi ya mali yakipita mbele ya kisiwa chake, akajua ndani yake mna nini.

Na kitabu hakiishii kwenye joka. Kinaishia kwenye mji mpya ambao milango yake haifungwi, Mungu anawafuta watu machozi, na mto wa maji ya uzima unapita kati. Katika dunia hiyo mpya, anasema Yohana, bahari haipo tena. Wasomi wanaeleza kuwa bahari kwa watu wa kale ilikuwa ishara ya vurugu na uovu, na sina ubishi. Lakini mimi nikikumbuka alikoandikia, naona pia mzee ameketi juu ya jiwe anatazama maji yaliyomtenga na watu wake.

Kaisari Domitian aliuawa mwezi wa Septemba mwaka wa 96 katika jumba lake mwenyewe. Aliyemfuata, Nerva, aliwaruhusu waliohamishwa kurudi makwao. Mapokeo yanasema Yohana naye alirudi Efeso. Clement wa Alexandria, aliyeandika yapata miaka mia moja baadaye, alitusimulia kisa cha siku hizo ambacho sitaki kukuficha.

Yohana alipotembelea mji mmoja karibu na Efeso alimwona kijana mwenye nguvu na sura nzuri, akamkabidhi kwa askofu wa pale mbele ya watu wote, kama mtu anayeweka amana. Askofu akamlea, akamfundisha, akambatiza, kisha akalegeza ulinzi. Kijana akaingia katika kundi la vijana wazembe. Walianza na karamu, wakaenda kwenye wizi wa usiku, na mwisho kijana yule akawa jemadari wa majambazi milimani. Yohana aliporudi akaidai amana yake. Askofu akadhani anadaiwa pesa, akashangaa. Alipoelewa, akainamisha kichwa akasema kijana amekufa, maana yake amekufa kwa Mungu. Yohana akararua nguo yake, akaagiza farasi na kiongozi wa njia, akaenda vile vile alivyokuwa. Majambazi wakamkamata, naye hakukimbia. Aliomba apelekwe kwa mkubwa wao. Jemadari alipomtambua, yeye mwenye silaha ndiye aliyetimua mbio kwa aibu! Mzee akamkimbilia nyuma, akisahau umri wake, akimwita mwanangu. Mwishowe kijana akasimama, akatupa silaha, akalia, huku ameuficha mkono wake wa kulia uliomwaga damu. Yohana akaushika mkono huo huo, akaubusu.

Iwapo kisa hicho kilitukia jinsi kilivyosimuliwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kinatuonyesha jinsi watu wa Efeso walivyomkumbuka mzee wao. Wasema alifariki katika enzi ya Kaisari Trajan, aliyeanza kutawala mwaka wa 98, akazikwa Efeso. Katika karne ya sita Kaisari Justinian alijenga kanisa kubwa juu ya mahali hapo, na magofu yake yapo hadi leo katika mji wa Selçuk, Uturuki.

Kitabu chake nacho kilipata misukosuko. Makanisa mengi ya mashariki yalisitasita kukipokea kwa miaka mingi. Askofu Athanasius wa Alexandria alikiweka katika orodha yake ya vitabu vya Agano Jipya mwaka wa 367, na polepole kikakubaliwa. Hata sasa Kanisa la Orthodox, ingawa linakiheshimu kama Maandiko, halikisomi katika ibada zake za kawaida. Nadhani waliona mapema hatari ya kukisoma ovyo ovyo.

Je, kisiwa? Maharamia walikisumbua hata kikabaki karibu mahame. Mwaka wa 1088 mtawa mmoja, Christodoulos, alipewa kisiwa chote na Kaisari Alexios wa Kwanza wa Constantinople, akajenga kileleni monasteri ya Mtakatifu Yohana. Kuta zake ni nene na ndefu kama za ngome, kwa sababu ya maharamia wale. Chini yake kidogo, njiani kutoka bandari ya Skala, kuna pango linaloitwa Pango la Ufunuo. Wageni huonyeshwa mwamba uliopasuka mara tatu ambapo inasemekana sauti ilitokea, na kishimo katika jiwe ambapo mzee aliegemeza kichwa, huku mwanafunzi wake Prochorus akiandika aliyotamkiwa. Hayo ya Prochorus ni mapokeo yaliyokuja karne nyingi baadaye. Yohana mwenyewe hataji pango.

Tangu hapo wenye nguvu wamekuja wakaenda. Waturuki walitawala Patmos, Waitaliano wakaichukua mwaka wa 1912, Wajerumani wakaja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka wa 1948 ikawa rasmi sehemu ya Ugiriki. Watawa waliendelea kutunza vitabu, na mwaka wa 1713 shule maarufu ilianzishwa karibu na pango. Mwaka wa 1999 shirika la UNESCO liliiandika monasteri, pango na mji wa kale wa Chora katika orodha ya urithi wa dunia. Domitian aliyekuwa akiitwa mungu, baada ya kufa, baraza la Roma liliamuru jina lake lifutwe kwenye mawe. Jina la mfungwa wake halikufutika.

Nimalizie na jambo moja zito. Mwaka wa 2023 sote Wakenya tulitazama habari za msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wengi wakiwa watoto na akina mama. Taarifa zilisema watu walifunga kula mpaka kufa kwa kuamini kwamba mwisho wa dunia umewadia. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka jinsi nyumba yetu ilivyonyamaza habari zilipokuwa zikisomwa. Yohana aliwaandikia watu walioogopa ili wavumilie na waishi wakiwa waaminifu. Hakumwambia mzazi yeyote amnyime mtoto chakula. Ukitwaa barua ya mtu ukaisoma bila kujua aliiandika nani, wapi na kwa akina nani, unaweza kuigeuza kisu.

Juzi nilipita steji na mdogo wangu wa darasa la nne. Mhubiri alikuwa amefika kwenye lile joka. Nikahisi mkono wa mdogo wangu umenishika kwa nguvu. Hatukukimbia. Njiani nilimsimulia juu ya mzee mmoja aliyewekwa kisiwani, mbali na watu wake, na barua ndefu aliyowapelekea ili wasiogope. Akaniuliza kama barua ilifika. Nikamwambia ilifika.